Shati la Mwisho wa Mwezi

Kwenye chumba cha pasi cha kiwanda kile cha kufulia nguo za mahoteli walikuwamo wanawake saba, na kati ya hao saba hakuna aliyethubutu kugusa kola mbele ya Mama Kola. Jina walimbandika wenzake mwaka wake wa kwanza, naye hakulikataa. Alikuwa na msimamo wake: shati ni kola, yaliyobaki ni kitambaa tu. Liwe la meneja au la mbeba mizigo, kwake mamoja. Analitandaza, analinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kisha anaanzia pembeni mwa kola akielekea katikati. Hata siku moja haanzii katikati, maana ukianzia huko unaisukuma mikunjo mpaka pembeni, na hapo, alikuwa akisema, umeshamtukana mwenye shati. Wageni wa kazi aliwafundisha kwa ukali, na walionuna aliwaacha wanune mpaka wachoke wenyewe.

Haya. Mama Kola alikuwa na mume. Au tuseme hivi: wenzake walijua kwamba ana mume, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuvuka mipaka mitatu kwa safari moja, ambaye hufika nyumbani mara moja kwa mwezi, akaingia watu wamelala na kuondoka watu hawajaamka. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kamba ya nguo mbele ya nyumba yake ilikuwa na shati la kiume la mistari ya buluu, suruali ya kaki na jozi ya soksi. Majirani walipita, wakaona, wakasema baba kaja. Jumatatu kazini, Kipupwe, rafiki yake wa meza ya pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu alivaa sweta hata katikati ya mvuke, alimuuliza, "Enhe, shemeji hajambo?" Naye akajibu hajambo, kachoka tu, barabara mbovu.

Uongo mtupu. Mwanaume yule alikuwa ameondoka miaka kumi na mmoja nyuma, na hakuondoka na lori lolote, aliondoka na begi. Alikuwa na mwanamke mwingine kwenye mji mwingine, na tangu siku hiyo hakuleta hata salamu.

Sasa usianze kumcheka. Mwanzoni mama wa watu aliamini mume atarudi, na akirudi asije akaulizwa na kila mtu alikuwa wapi. Akasema yuko safarini. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila aliyemuuliza alijibiwa vilevile, mpaka ikafika mahali kuufuta uongo ni kazi kubwa kuliko kuulea. Tena alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Wapo watu wanaoweza kulia barabarani wakapewa pole na kesho wakaendelea na maisha, yeye hakuumbwa hivyo. Kutazamwa kwa huruma kulimuuma kuliko kuachwa kwenyewe.

Shida ilikuwa moja, na ni shida ambayo ingemjia mpiga pasi peke yake. Shati lisilovaliwa halichakai kolani. Mtu baki ataona shati tu, lakini mtu wa kazi ile akipita karibu na kamba ataona kola mpya kwenye shati la zamani, na hapo habari imekwisha. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mama Kola alilivaa shati lile mwenyewe. Alifunga vifungo mpaka juu, akafagia, akapiga deki, akasugua masufuria, mpaka kola ikalowa jasho. Kisha akalivua, akaisugua kola kwa brashi ngumu, akalifua na kulianika.

Binti yake alikuwa na miaka mitano baba alipoondoka. Alipofika saba aliuliza kwa nini mama anavaa nguo za baba. Mama akamkalisha, akamwambia ukweli, karibu wote, kwa sababu aliona mtoto anayeishi ndani ya uongo bila kuujua ndiye atakayeropoka. Akamwambia, "Hili ni letu wawili, mwanangu. Halivuki mlango huu." Mtoto akaitikia. Na kusema haki, hakuwahi kuteleza ulimi hata mara moja, si shuleni, si kwa majirani.

Ikawa siri yao, na baadaye ikawa mchezo wao. Jumapili jioni mama akilipiga pasi lile shati aliligombeza kama vile mwenyewe yumo ndani. "Ndiyo saa ya kuja hii? Huko njiani ulikula nini? Umekonda." Binti aliyekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa alijibu kwa sauti nzito ya kiume, "Nisamehe, mke wangu, tairi lilipasuka." Wakacheka mpaka pasi ikawekwa pembeni. Hakuna mtu duniani aliyemjua Mama Kola kama mtoto yule, wala hapakuwa na mtu ambaye Mama Kola alimwamini zaidi.

Binti alipotimiza miaka kumi na sita akajiunga na kikundi cha maigizo cha vijana, kilichokuwa kikifanya mazoezi kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Mama hakufurahi sana mwanzoni. Aliona ni kupoteza muda wa masomo. Lakini siku moja binti alirudi akaegemea mlango wa jikoni, akasema, "Mama, tumeandika mchezo wetu wenyewe, na nimepewa nafasi kubwa kuliko wote. Mimi ndiye mama mpiga pasi."

Mama aliacha alichokuwa akikifanya. Miaka yote aliyokaa na kazi ile hakuwahi kusikia mtu akiitaja isipokuwa nguo ikiungua.

"Mpiga pasi?" akauliza. "Watu watakaa kwenye viti kumtazama mpiga pasi?"

"Watakaa."

"Basi usije ukaniaibisha. Njoo hapa, shika pasi nikuone."

Wiki nzima hapakukalika mle ndani. Meza ilisogezwa katikati ya chumba, na kila jioni binti alipiga pasi huku mama amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Usiibebe kama sufuria ya moto. Legeza kiwiko. Mgongo usiukunje mapema hivyo, sisi mgongo unatuuma saa nane mchana, si saa mbili asubuhi. Akamwonyesha namna ya kupima joto kwa kidole kilichotiwa mate, namna ya kulitikisa shati mara moja tu likafunguka, namna ya kupangusa jasho kwa bega bila kuachia pasi. Binti alikuwa mwepesi. Siku ya nne mama alimtazama akajiona mwenyewe, kuanzia kikohozi mpaka namna ya kusimama kwa mguu mmoja, na akaona raha isiyo kifani. Usiku alilala akitabasamu peke yake, mtu mzima hovyo.

Siku mbili kabla ya onyesho binti akasema, "Mama, naomba lile shati la mistari. Kikundi hakina shati la kiume."

Mama akasita kidogo. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali, na shati ni shati. Akalitoa kabatini, na kwa kuwa hakuweza kuvumilia litoke nyumbani kwake likiwa na mkunjo, alilipiga pasi upya, akalikunja, akalitia kwenye mfuko.

"Utakuja na nani?" binti akauliza.

"Na wenzangu. Chumba kizima."

"Wote?"

"Wote saba, na msimamizi. Nimeshawaambia wanaenda kuigizwa wao."

Binti akauma mdomo. Akaushika ule mfuko kifuani, akawa kama anataka kusema kitu, kisha akasema hakuna neno, ni woga tu wa jukwaa. Mama akamwamini. Akamwambia hata yeye siku ya kwanza kazini alitetemeka mpaka akachoma foronya.

Kazini ndiko alikowamaliza watu. Alianza kuwaambia Jumatatu, na kufika Alhamisi hata fundi wa mabomba ya mvuke alikuwa anajua mchezo utaanza saa ngapi. Alimwomba msimamizi abadilishe zamu ya Jumamosi mchana, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na msimamizi, mwanamke mkavu asiyejua kubembelezwa, akabadilisha. Kipupwe alinunua sweta jipya. Walikwenda wote kwa miguu, wamependeza, wakaingia na kushika mstari wa pili mzima, na Mama Kola akakaa katikati yao na Kipupwe mkono wake wa kulia. Kitu cha kwanza alichokiona ni pazia la jukwaa. Lilikuwa na mikunjo, akaguna.

Pazia likafunguliwa. Katikati palikuwa na meza, kapu la nguo, pasi, na nyuma kamba imefungwa kutoka pembe hadi pembe. Akatoka binti yake. Alikuwa amevaa gauni la kazini, kitambaa kichwani, na alikuwa anatembea kama mtu aliyesimama tangu asubuhi. Alifika mezani, akatia kidole ulimini, akapima pasi. Mstari wa pili wote ukapasuka kwa kicheko.

"Ni yeye huyu," msimamizi akanong'ona. "Mwenyewe kabisa."

Mama Kola alicheka kuliko wote. Binti aliwagombeza wafanyakazi wapya wa kwenye mchezo kuhusu kola, ukumbi ukacheka. Alipangusa jasho kwa bega, ukumbi ukacheka. Watu waliokaa nyuma, wasiomjua mtu yeyote, walikuwa wanacheka na kupenda, na yeye alihisi kifua kinamjaa. Huyu ni wangu, alitaka kumwambia kila mtu, huyu nimemzaa mimi na kumlea mimi. Aliubana mkono wa Kipupwe, na Kipupwe akambana naye. Kama onyesho lingeishia hapo, angekuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mjini.

Halafu binti akafungua kapu, akatoa shati la mistari.

Hata hapo mama hakushtuka, kwani alijua shati litakuwepo. Alishtuka binti alipolivaa. Alilivaa juu ya gauni, akafunga vifungo mpaka juu, akachukua ufagio. Akafagia jukwaa. Akapiga deki. Watu walicheka kwa kuwa hawakuelewa, na mama alikuwa bado ana meno nje, lakini yeye alikuwa ameshaelewa. Binti akalivua shati, akashika brashi, akaanza kuisugua kola. Akalianika. Akaja mwigizaji mwingine, jirani, akauliza, "Baba kaja?" Na binti, kwa sauti ya mama yake, sauti ileile ya Jumatatu, akajibu, "Kaja, kachoka tu. Barabara mbovu."

Mkono wa Kipupwe ukaachia.

Jukwaani jirani akaondoka. Binti alibaki na shati, akaanza kuligombeza, ndiyo saa ya kuja hii, umekonda, na ukumbi ukaanza kuelewa, kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Kisha akaliegemeza paji la uso kwenye lile shati, akasema polepole, "Nimechoka kuwa wewe."

Maneno hayo hayakuwa ya mchezo wao wa Jumapili. Mama Kola aliwahi kuyasema mara moja tu maishani, chumbani, mlango umefungwa, mwaka ule alipougua na bado akajikokota kulivaa shati kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha. Hakumwambia mtu. Maana yake binti alikuwa nyuma ya mlango, akasikia, akayaweka, na miaka yote hiyo akanyamaza nayo mpaka alipopata mahali pa kuyatumia.

Kisha watu wakasimama, wakapiga makofi mpaka viti vikaanguka. Mama Kola naye akasimama na mikono yake ikapiga makofi, bila hata kuiagiza. Alikuwa ameumbuliwa mbele ya watu wote anaowajua, na aliyemuumbua ni mtoto wake, na mtoto alikuwa anaweza. Lo, alikuwa anaweza! Hapo ndipo alipochomwa zaidi. Fahari haikuondoka ili ipishe uchungu. Vilikaa vyote viwili ndani yake, kila kimoja kikidai nafasi.

Na wangeweza labda kuokoka, kwani mchezo ni mchezo. Lakini yule mwalimu wa maigizo, kijana mwenye furaha nyingi na akili kidogo, alipanda jukwaani akamshika binti bega. "Mwigizaji wetu," akasema, "ametuambia haya yote ameyachota nyumbani kwao. Mama mzazi yupo? Tafadhali, mama, simama tukuone." Binti akamvuta mwalimu mkono, akitikisa kichwa kukataa, lakini alikuwa amechelewa. Watu wa mbele wakageuka, wa nyuma wakanyanyua shingo.

Mama Kola alikuwa ameshaketi. Akasimama tena, akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeshukuru. Kubaki ameketi kungekuwa kujificha, na hakuwa tayari kuonekana anajificha. Wakampigia makofi yeye peke yake. Aliyapokea yote mpaka yakaisha.

Nje, wenzake waliaga harakaharaka. Kila mmoja alikumbuka ana kitu jikoni. Msimamizi alimshika mkono muda mrefu akasema mtoto ana kipaji, akaondoka bila kumtazama usoni. Akabaki Kipupwe, kwenye ngazi, amejikunyata ndani ya sweta lake jipya.

"Kifungo cha pili cha lile shati ni cheusi, vingine ni vyeupe," Kipupwe akasema. "Nilikishona mimi. Nilikuja kwako, nikakuta kimedondoka, nikasema ngoja nimsaidie shemeji."

"Nakumbuka."

"Nilipopoteza mimba ya tatu nilikuja kulia kwako. Siku tatu nililala kwako. Mwisho wa mwezi ukaniambia mume wako kasikia, kasikitika sana, ananipa pole. Mimi nikakwambia umpelekee ahsante zangu. Unakumbuka na hilo?"

Mama Kola alitaka kusema kwamba pole ile ilikuwa ya kweli, ilikuwa yake yeye, alikosa tu namna ya kuitoa mara mbili.

"Mimi nilikupa yangu yote," Kipupwe akasema. "Wewe ukanipa shati." Akashuka ngazi, akaenda zake, na njia yao ilikuwa moja lakini siku hiyo alizunguka upande wa pili.

Binti alifika nyumbani jua bado lipo, poda ya jukwaani bado iko masikioni. Alimkuta mama ameketi kitandani, viatu vya kutokea bado viko miguuni. Akaweka mfuko wa shati juu ya meza, akasimama palepale mlangoni.

"Mama, sikutaja jina lako popote."

"Ungetaja jina lingekuwa jambo dogo. Majina yanafanana."

"Mwalimu alituambia tuandike kitu tunachokijua kuliko vyote. Mimi ninachokijua kuliko vyote ni wewe." Akasogea hatua moja kutoka mlangoni. "Nilitaka watu wakuone. Nilitaka wajue umebeba nini peke yako miaka yote hii. Watu walilia, mama. Hukuwaona?"

"Nilikuwa mstari wa pili."

"Simaanishi hivyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo," mama akasema.

Binti akaanza kulia. Siku nyingine kilio cha mtoto yule kingemwinua mama popote alipo. Siku hiyo alikisikia, akakaa.

"Ulipokuja kuomba shati, ulijua," akasema. "Nilipokwambia chumba kizima kinakuja, ulijua. Wiki nzima nimesimama nyuma yako nakufundisha kiwiko, nakufundisha mgongo, najiona mtu, kumbe nanoa kisu cha kunichinja mwenyewe. Ulikuwa unanitazama na kunyamaza. Hilo ulilijifunza wapi?"

Mama alipokwisha kuuliza alijua kwamba swali lile halikuwa salama kwake mwenyewe. Alimfundisha yeye. Tangu akiwa na miaka saba alimfundisha kunyamaza huku unatazamwa, na mtoto alikuwa mwepesi wa kujifunza.

"Unisamehe, mama."

"Tatizo uliigiza vizuri," mama akasema. "Ungeigiza vibaya ningesema ni utoto, nikakusamehe kabla hujafika nyumbani. Umeigiza mpaka mimi mwenyewe nikamwonea huruma yule mama. Na huruma ndiyo kitu nilichokimbia miaka kumi na mmoja."

Akavua viatu, akaenda kuwasha jiko, kwani watu lazima wale.

Jumatatu alikwenda kazini kwa saa yake. Alijikaza kisabuni, kichwa juu. Hakuna aliyemcheka, na angependelea wamcheke. Walimpisha njia. Walimwekea maji ya kunywa mezani kabla hajaomba. Msimamizi akamwita pembeni akamwambia wiki hii atapiga pasi foronya, apumzike kidogo, mashati watayafanya wengine. Foronya ni kazi ya mtu wa wiki ya kwanza. Kipupwe alikuwa ameomba kuhamia meza ya dirishani, na sweta lake lilionekana kule mbali, likionyesha mgongo tu. Siku nzima hakuna aliyemuuliza habari za shemeji. Karibu naye msichana mpya alianza kola kutoka katikati, mikunjo ikakimbilia pembeni, na Mama Kola akaiona, akainamia foronya zake.

Nyumbani waliendelea kuishi. Binti aliosha vyombo bila kuambiwa, akaamka mapema, akawa mtoto mzuri mpaka ikachosha. Walizungumza kuhusu chumvi, kuhusu mvua, kuhusu sare ya shule. Mama alikuwa anamuuliza habari za mazoezi na kumsikiliza kweli, kwa sababu kipaji kilikuwa kipaji na hakuwa mjinga wa kukizima. Lakini akitaka kusema jambo lake mwenyewe, hata dogo, hata la mguu kumuuma, alijikuta analipima kwanza jinsi litakavyosikika likisemwa na mtu mwingine mbele ya viti.

Wiki ya tatu, alasiri, mama alikuwa anakunja nguo kutoka kwenye kamba, binti akaja akaketi upande wa pili wa kapu. Alikuwa na daftari. Alilishika kwa mikono miwili, akakaa nalo kwanza bila kulifungua.

"Mama, safari hii nakuuliza kabla," akasema. "Tumechaguliwa kwenda kuonyesha kwenye ukumbi mkubwa. Mwalimu anataka mchezo uongezwe mwanzo, uanze siku mwanaume anapoondoka. Ukisema hapana, tunaacha. Nitamwambia mwenyewe. Siendi popote bila ruhusa yako."

Mama alikunja foronya, akaiweka. Aliona mtoto amejifunza. Aliona pia jinsi alivyokondeana shavu kwa kuitaka nafasi ile.

"Endeleeni," akasema. "Walioona wameshaona."

"Kweli, mama?"

"Nimeshasema."

Binti akafuta jicho kwa kiganja, akalifungua daftari. Akauliza kwa upole, upole wa kweli usio na ujanja wowote ndani yake. "Siku ile baba anaondoka, pale mlangoni, alisema nini?"

Alisema, usimwamshe mtoto. Alikuwa amesimama na begi mkononi, mama akamwambia basi angalau agana na binti yako, naye akatazama kile kitanda kidogo, akasema usimwamshe, nitachelewa gari. Hayo ndiyo hakuwahi kumwambia binti alipomkalisha akiwa na miaka saba, na alikuwa ameyahifadhi, akisubiri mtoto awe mkubwa kiasi cha kuyabeba, wakae wawili, amwambie taratibu huku amemshika mkono.

"Sikumbuki," mama akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Andikeni mnavyoona nyinyi."

Binti akamtazama usoni. Alikuwa ameusoma uso ule maisha yake yote, akausoma na sasa, akajua anadanganywa. Kisha akalifunga daftari, akauliza kama amsaidie kukunja, na mama akamwambia hapana, amebakiza chache.